Kambi kwa Kambi Kando ya Mto Lukuga

Ziwa Tanganyika linaingiwa na mito mingi lakini linatokwa na mmoja tu. Ruzizi unateremka kutoka Ziwa Kivu, Malagarasi unakuja kutoka Tanzania, na vijito vingi vinaporomoka kutoka milima ya pande zote mbili. Sehemu kubwa ya maji hayo hupotea angani kwa jua. Kiasi kidogo kinachobaki kina mlango mmoja wa kutokea, nao uko Kalemie, upande wa Kongo. Mlango huo ni Mto Lukuga. Ukishatoka ziwani unakata milima ya Mitumba, unaelekea magharibi kwa kilomita 320 hivi na kuingia Lualaba jirani na Kabalo. Mbele ya hapo ni Mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki.

Kando ya mto huo watu wametembea tangu zamani, kabla ya reli na kabla ya mji wa Kalemie wenyewe. Wamepita wafua chuma, wavuvi na warina asali, kisha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, wamisionari, askari wa vita viwili au vitatu, na wakimbizi. Karibu wote walikwenda kwa sababu hawakuwa na namna nyingine. Mtu wa kutembea bonde la Lukuga kwa hiari yake, begi mgongoni, akilala kambi hii leo na ile kesho ili aione nchi tu, bado ni adimu.

Je, inawezekana? Nchi yenyewe inaruhusu: maji yapo, vijiji vipo, mwinuko si mkali, na njia haipotei kwa sababu mto unaionyesha. Kinachohitajika ni amani, na utaratibu ambao wapagazi wa karne ya 19 waliujua vizuri kuliko wengi wetu leo.

Chifu alijua kabla ya Cameron

Mwanzoni mwa Mei 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Ulaya wakati huo ilikuwa inabishana kuhusu Ziwa Tanganyika: linatoa maji au halitoi? Kama linatoa, yanakwenda Nile au wapi? Cameron aliingia mtoni kilomita chache tu, kisha matete na magugu yanayoelea yakamzuia. Akarudi bila kuona mwisho wake.

Hata hivyo aliandika jambo moja la maana sana. Chifu wa hapo alimweleza kwamba watu wake huufuata mto huo kwa miguu, mwendo wa zaidi ya mwezi mmoja, mpaka unapoingia Lualaba. Kwa hiyo swali lililokuwa likiwakosesha usingizi mabwana wa London lilikuwa na jibu Lukuga, na jibu hilo lilipatikana kwa kutembea. Waliokuwa wamelala njiani kwa mwezi mzima hawakuhitaji mjadala.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1876, Henry Morton Stanley alikuja kuhakikisha. Aliona kizuizi cha matete na mchanga, akaona maji hayaendi kwa nguvu, akasema mto huu bado haujaanza kutoka, lakini ziwa linapanda na siku moja litapasua. Hapo alikuwa sahihi. Inakadiriwa kuwa mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi. Edward Coode Hore wa misheni ya London alipofika mwaka 1879 alikuta mto unaokwenda mbio. Katika miaka kama 15 hivi iliyofuata, ziwa lilishuka kwa takriban mita 10. Cameron, Stanley na Hore waliona mito mitatu tofauti mahali pamoja, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa wakati wake.

Wa kwanza kati ya wageni hao kujaribu kuufuata mto kwa miguu ni Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyeachiwa uongozi wa msafara baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho mwaka 1879. Mwanzoni mwa 1880 Thomson alishuka na bonde la Lukuga akitaka kufika Lualaba. Hakufika. Walipoingia nchi ya Warua, wapagazi wake waliogopa yaliyo mbele na kukataa kuendelea, naye akalazimika kugeuza. Katika kitabu chake aliwalaumu sana. Lakini mpagazi hakuwa mtoto: alijua kusoma uso wa nchi, alijua kijiji kinachokaribisha na kijiji kinachofunga lango, na alipokataa alikuwa na sababu. Kanuni ya kwanza ya kutembea Lukuga iko hapo: mwenye njia akisema basi, ni basi.

Kambi ilivyokuwa kambi

Misafara ya kutoka Kasongo na Nyangwe, upande wa Lualaba, ilishukia ziwani Mtowa, kaskazini kidogo ya mlango wa Lukuga. Hapo watu na mizigo walivushwa hadi Ujiji. Mali ilikuwa pembe, na ilikuwa watu pia. Jambo hilo halipaswi kufunikwa kwa hadithi nzuri za safari: wengi walipita njia hizi wakiwa wamefungwa shingoni, na kambi kwao ilikuwa mahali pa kuhesabiwa.

Ila ufundi wa kambi wenyewe ulikuwa wa wapagazi, hasa Wanyamwezi na watu wa pwani, na unastahili kuangaliwa kwa karibu. Msafara uliondoka alfajiri kabla jua halijachoma. Mbele alitangulia kirangozi, yaani mwonyesha njia, na bendera, na barghumu ikapulizwa ili wa nyuma wajue njia na wenyeji wajue wanaokuja si wavamizi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na chungu, mkeka na silaha ya mwenyewe. Kwa kulinganisha, mpagazi wa Kilimanjaro leo amewekewa kikomo cha kilo 20.

Mwendo ulikuwa mfupi kuliko tunavyodhani. Kufika saa tano au saa sita mchana watu walikuwa wameshatua. Kilomita 15 zilihesabika kuwa siku njema, na sababu yake haikuwa uvivu. Saa za mchana zilikuwa za kazi nyingine: wengine kukata fito na nyasi, wengine kuteka maji, wengine kwenda kijijini kununua unga, muhogo na kuku kwa shanga na kitambaa. Vibanda vilipangwa kwa duara, kila kikundi cha chungu kimoja na moto wake, na pale penye hofu ya simba au ya watu boma la miiba lilizungushwa nje. Mara nyingi walikuta vibanda vya msafara uliotangulia, wakavitengeneza na kuvitumia. Hivyo kambi ilikuwa mali ya njia: anayepita leo alimwachia wa kesho.

Kiongozi naye alikuwa na kazi yake, kwenda kwa chifu. Alipeleka hongo, akaeleza anatoka wapi, anakwenda wapi na atalala siku ngapi. Wazungu wengi waliandika kuhusu hongo kwa hasira kana kwamba ni wizi. Kwa chifu ilikuwa ada ya kulala katika nchi yenye mwenyewe. Leo mtalii analipa kiingilio cha hifadhi na ada ya kambi kwa kila usiku, na hakuna anayemwita mhifadhi mnyang'anyi.

Chuma kinafuata mto

Mji wa Kalemie ulianza kama boma la kijeshi. Mwishoni mwa Desemba 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alijenga ngome karibu na Lukuga kupambana na wafanyabiashara wa utumwa, akaiita Albertville. Mwaka uliofuata watu wa Rumaliza, bwana wa Ujiji, waliizingira. Jina la Kalemie lilikuja baada ya uhuru, na tangu 2015 mji huu ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika lenye maeneo sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu.

Wabelgiji walipotaka reli kutoka Lualaba hadi ziwani hawakutafuta njia mpya. Walifuata bonde lile lile. Reli ya Kabalo hadi Albertville, kilomita 273, ilikamilika mwaka 1915, wakati Wajerumani walikuwa wameshafika Kigoma na reli yao kutoka Dar es Salaam mwaka 1914. Ilikuja wakati wa vita, na vita ikaitumia mara moja. Mnamo Oktoba 1915 boti mbili ndogo za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Afrika Kusini kwa treni, kwa kuburutwa porini na kwa mto, zilifika Lukuga kwa reli hiyo. Desemba 26 zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Kila mwanafunzi wa historia ya vita anamtaja kamanda wa boti hizo, Geoffrey Spicer-Simson. Waliobeba, waliokata miti na waliotandika barabara ili boti zipite hawana majina vitabuni.

Bonde lilitoa pia makaa ya mawe. Magharibi ya mji, huko Greinerville ambako sasa ni Makala, Wabelgiji walichimba makaa yaliyoendesha injini na viwanda. Miamba ya bonde hili ina umaarufu wake kwa wanajiolojia: ni tabaka za zamani sana, kutoka enzi ambazo sehemu hii ya dunia ilifunikwa na barafu, nazo zimepewa jina la Lukuga. Mtembeaji anayejua hilo hawezi tena kuliangalia jiwe la kando ya njia kwa dharau.

Njia yenye makaburi

Anayetoka Kalemie kuelekea magharibi atafika Niemba, ambako Novemba 8, 1960 doria ya askari 11 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa ilishambuliwa karibu na daraja la kijito Luweyeye. Tisa waliuawa. Jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, na Waluba wa kaskazini walioukataa utengano huo walikuwa wameonja ukali wa askari wake. Wageni wenye bunduki wakachanganywa na maadui. Ireland huwakumbuka watu wake kila mwaka, na hilo ni haki. Bonde lina wafu wengi zaidi wa miaka hiyo ambao hawana siku yao.

Kisha yakaja ya karibuni. Ugomvi kati ya Watwa na Waluba uliopamba moto miaka ya 2016 na 2017 ulichoma vijiji vingi kati ya Kalemie na Nyunzu. Watu walitembea na bonde hili hili, safari hii wakikimbilia mjini, na kutandaza maturubai Katanika, Kalunga na kwingineko pembezoni mwa Kalemie. Mwaka 2022 MONUSCO, ujumbe wa amani wa Umoja wa Mataifa, ilifunga shughuli zake jimboni. Mwaka 2025, vita vya mashariki vilipoikumba Kivu ya Kusini, maelfu wengine walishuka kwa boti hadi Kalemie. Mwandishi anayesifia uzuri wa kulala kwenye hema bila kutaja wanaolala kwenye hema kwa kukosa nyumba amewaonyesha wasomaji wake nusu ya nchi.

Wanaotembea leo

Simama kando ya reli asubuhi yoyote ya kiangazi. Treni za SNCC, shirika la reli la Kongo, ni za kubahatisha na si salama sana: Septemba 2019 treni ya mizigo iliyobeba abiria iliacha njia Mayibaridi na kuua watu kadhaa. Kwa hiyo watu hutegemea miguu na baiskeli.

Tazama baiskeli ya mkaa inavyokuja. Haina anayeikalia. Magunia yamesimamishwa pande zote mbili na moja limelazwa juu, yamefungwa kwa kamba za mpira wa tairi. Kwenye usukani imefungwa fimbo ndefu inayomwezesha mwenyewe kuielekeza akiwa pembeni, na fimbo nyingine amebeba mkononi ya kuiegemeza anapopumzika. Kwenye mteremko anaivuta nyuma kwa uzito wa mwili wake wote. Kwenye mlima husimama chini akangoja mwenzake, wakaisukuma moja mpaka juu, kisha wakarudi kuchukua ya pili. Wanaopishana nao wanasema "Jambo yenu" na kupisha, maana baiskeli hiyo ikianza kuanguka haishikiki. Akirudi kutoka mjini amebeba chumvi, sabuni na ndakala (dagaa) wakavu.

Watu hawa ndio wenye ramani ya bonde. Wanajua chemchemi isiyokauka, daraja lililooza, mwembe wenye kivuli cha kutosha watu 20, na nyumba ya mama anayepika bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kwa wapita njia. Vituo wanavyolala vina umri mrefu kuliko wao. Ukivichora kwenye karatasi utakuwa umepata kambi zako bila kukata mti hata mmoja.

Safari yenyewe

Tuseme sasa kuna amani na ruhusa. Kutoka Kalemie hadi Kabalo kwa kufuata reli ni kilomita 273. Kwa mwendo wa msafara, kilomita 15 kwa siku, ni siku 18 za kutembea. Ukiongeza siku moja ya kupumzika kila juma, ni wiki tatu. Nyunzu iko karibu nusu ya njia, kwa hiyo asiye na wiki tatu anaweza kuishia hapo.

Msimu ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua zikianza Oktoba, vijito vinavyoingia Lukuga vinajaa, madaraja ya magogo yanakwenda na maji, na nyasi zinapita urefu wa mtu. Siku za mwanzo ni za milima, mto ukijibana kati ya kingo zake. Baadaye nchi inafunguka kuwa miombo na mbuga, na jioni moshi wa vijiji unaonekana kutoka mbali.

Maji yachemshwe yote bila kujali yanavyong'aa, kwa kuwa Kalemie na mwambao wake wameishi na kipindupindu kwa miongo mingi. Usioge panapotuama, kichocho kipo. Chandarua si anasa. Mamba na viboko wapo mtoni, hivyo teka maji wenyeji wanapotekea, tena mchana. Kiboko hutoka usiku kula nyasi na hurudi kwa njia yake ile ile. Ukiona kijia kilichokanyagwa kinachoshuka majini, usifunge hema hapo hata kama pana ubaridi mzuri.

Kambi isimamishwe mapema, kama walivyofanya wapagazi. Ukitua saa nane mchana una muda wa kukausha nguo, kununua unga, kusalimia wazee na kusikia habari za mbele. Ukitua giza limeingia wewe ni mgeni asiyejulikana aliyewasha moto pembeni mwa kijiji cha watu, na katika bonde ambalo watu wamevamiwa usiku, hilo ni kosa kubwa kuliko kusahau chandarua.

Nani atafaidika?

Kilimanjaro ina funzo. Njia ya Marangu ina vituo vyake, Mandara, Horombo na Kibo, na kila anayepanda anajua atalala wapi, atalipa nini na nani anamsindikiza. Utaratibu huo umewapa kazi maelfu ya wapagazi, wapishi na waongozaji. Umezaa pia manung'uniko ya miaka mingi kuhusu mizigo mizito na malipo madogo, mpaka vikawekwa vikomo na mizani. Lukuga haina sababu ya kuanza na makosa hayo.

Wala haina sababu ya kungoja mwekezaji mwenye hoteli. Njia ya miguu haihitaji jengo. Inahitaji kiwanja kilichofagiliwa, choo cha shimo, kisima kinachotunzwa, mtu wa kijiji anayepokea ada na daftari la kuiandika. Ada hiyo ikigawanywa hadharani kati ya Watwa na Waluba wa kijiji kimoja, kwa kazi waliyofanya pamoja, itafanya kazi ambayo mikutano mingi ya upatanisho imeshindwa kuifanya. Watwa ndio mabingwa wa msitu, wa nyayo na wa asali, na hakuna mwongozaji bora kuliko wao katika nchi ya Nyunzu. Kuwaacha nje ya mpango wa namna hii kungekuwa upumbavu wa kibiashara, mbali na kuwa dhuluma.

Serikali ya jimbo ianze na kidogo: kipande kimoja karibu na Kalemie, chenye kambi tatu au nne, kinachotembewa na watu wa mji wenyewe, wanafunzi, parokia na vikundi vya vijana, kabla ya kumwita mgeni kutoka nje. Mtoto wa Kalemie aliyetembea siku nne na mto wake ataulinda dhidi ya takataka na ukataji miti kuliko bango lolote. Mto huo ukiziba tena ziwa litapanda, na mji utakaoumia kwanza ni wake, kama mafuriko ya miaka ya karibuni yalivyokwisha kuonyesha.

Nawe msomaji ukiona hali imetulia na ukataka kwenda, usianze na duka la mahema. Anza na chifu wa kijiji cha kwanza, mwambie unatoka wapi, unakwenda wapi na utalala siku ngapi. Akikuambia subiri, subiri.